Chuma, Kabari na Gitaa la Chilewa

Funguo za karakana niliwakabidhi ninyi wanafunzi wangu mwezi uliopita, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Mara mnauliza ile tupa ndogo ya duara niliiweka wapi, mara mnauliza bloku ya tremolo inatobolewa kuanzia upande gani. Tupa iko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya dirisha. Hilo la pili haliwezi kujibiwa kwa simu. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza yangu ya chakula hapa Area D, Dodoma, na kuamua kuandika yote tangu nilipoanza. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana mnavijua na havikunifundisha kitu.

Nilifika Majengo nikiwa na cheti cha kukereza vyuma kutoka chuo cha ufundi, na viatu vizito nilivyoazima kwa kaka yangu. Karakana ilikuwa nyuma ya maduka ya nafaka, na wakati ule kazi yetu kubwa ilikuwa vipuri vya mashine za kusaga: shafti, bushi na puli. Msimamizi alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza kama nimekuja kuchukua shafti ya baba yangu. Nikamwambia nimekuja kuzitengeneza. Akanipa ufagio. Nilifagia siku tatu. Siku ya nne fundi wa zamu hakutokea, mteja amesimama mlangoni anafoka, nami nikawasha mashine bila kuomba ruhusa ya mtu. Shafti ilipokubaliwa, msimamizi aliuchukua ule ufagio mkononi mwangu akausimamisha ukutani.

Chumba cha mwisho cha karakana kilikuwa na mlango wake, na ndani yake alikaa Mzee Malogo. Huyu alitengeneza magitaa ya kwaya na bendi za mji wetu, wala hakuwa na mazoea na sisi watu wa shafti. Wiki yangu ya pili alikuja na kipande cha chuma kiganjani, akakiweka juu ya mashine yangu.

"Binti, unaweza kunitobolea matundu sita hapa, yote yawe sawa?"

"Shikamoo, mzee. Naweza."

"Marahaba. Wote husema wanaweza. Sawa yangu si sawa ya kusaga mahindi."

Nilitoboa, akapima, akanirudishia. Tundu la nne lilikuwa limepinda kwa unene wa unywele. Nikatengeneza kingine, akakirudisha. Cha tatu akakirudisha vilevile, na hapo nilianza kumchukia. Cha nne aliondoka nacho bila kuaga. Alasiri nikasikia gitaa likilia chumbani mwake, nikaenda kuchungulia, na nikamkuta ameliuma.

Sijakosea kuandika. Alikuwa ameinama, ameweka kitambaa safi kwenye ile pembe ya juu ya gitaa na kuishika kwa meno, huku kidole chake kikipiga uzi mnene. Waya wa spika ulikuwa umechomolewa, uko sakafuni.

"Masikio yanadanganywa na spika," akaniambia alipoliachia. "Meno hayadanganyiki. Mti ukitetemeka, fuvu linajua."

Urefu wa sauti nao hakuupima kwa saa. Aliupima kwa salamu. Salamu zetu Wagogo mnazijua, hazina haraka: umeamkaje, nyumbani wameamkaje, watoto, wazee, mifugo, shamba, na mwisho mvua. Mzee alipiga uzi mara moja, kisha akasalimia moyoni taratibu, kidole kikigonga goti kwa kila habari, mpaka sauti ikatike. Gitaa baya lilifia kwa watoto. La wastani lilifika kwenye mifugo. Yaliyofika kwenye mvua yalikuwa machache, na aliyawekea alama ya kalamu ndani ya mfuniko wa mgongoni. Hamisi, aliyekuwa kwenye mashine ya pili, alimtania kwamba kwao Kondoa watu huulizana na habari za nyuki, kwa hiyo magitaa yao yangehitaji chuma kingi zaidi ili yafike mwisho wa salamu.

Kwa asiyejua, tremolo ni ule mtambo mdogo uliokaa tumboni mwa gitaa la umeme. Juu kuna bamba lenye vikalio sita, kila uzi na kikalio chake. Chini ya bamba, kwenye shimo lililotoboka mpaka mgongoni, kuna kipande kinene tunachokiita bloku, nacho nyuzi hupita ndani yake. Springi za mgongoni huivuta bloku upande wao, nyuzi nazo huivuta upande wao, na mtambo mzima hubaki unaelea katikati. Ukikandamiza mkono wa tremolo, kile kifimbo cha chuma kinachochomekwa kwenye bamba, nyuzi zinalegea na sauti inayumba. Ni kitu kizuri. Shida ni kwamba magitaa mengi yanayotufikia ni ya bei nafuu, na anayetaka kubana matumizi hubana pasipoonekana. Bloku inafanywa nyembamba, ya madini mepesi yaliyomiminwa kwenye kalibu, yenye vitundu vya hewa ndani. Unapiga uzi kwa nguvu zako zote, na nguvu hizo zinapotelea humo.

Mzee alinifundisha kwa mpangilio ambao nami niliwachosha nao ninyi. Kwanza safisha. Vumbi la Dodoma likichanganyika na jasho la mpigaji linakuwa saruji, na nusu ya magitaa yaliyoletwa kwetu kubadilishiwa tremolo yalihitaji mswaki tu. Pili weka nyuzi mpya, kisha usikilize tena kabla ya kulaumu chuma. Tatu pima, na ukishapima upime tena: nafasi kati ya uzi na uzi, nafasi kati ya skrubu na skrubu, na unene wa gitaa lenyewe. Hilo la mwisho nilijifunza kwa aibu. Bloku yangu ya kwanza niliikata ndefu kama ya gitaa nene, kumbe la mteja lilikuwa jembamba. Ikachungulia mgongoni na kumchuna tumbo mpigaji wa bendi mbele ya watu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikivuka barabara kila nilipomwona.

Nilijaribu shaba, nilijaribu chuma, nilijaribu vipande vya kila kitu kilichokufa Majengo. Shaba hutoa sauti nene iliyotulia. Chuma hutoa sauti kali inayokwenda mbali. Atakayewaambia kimoja ni bora kuliko kingine, mchunguzeni, huenda anakiuza. Linalohesabika zaidi ni bloku na bamba kukutana uso kwa uso, pasiwe na rangi, kutu wala kinundu cha tupa katikati yao.

Lakini Mzee Malogo alikuwa na tabia moja. Bloku nilitengeneza mimi, kufunga alifunga yeye, mlango umefungwa. Nilimwomba nione, akasema nitaona wakati wake ukifika. Wakati haukufika. Masikio yake yalianza kuzima, akaacha kazi, akahamia kwa binti yake hapahapa Area D, na chumba kikawa changu. Nilijifundisha kufunga mwenyewe, nikifanyia kazi zaidi watu wa bendi wanaopenda kuyumbisha sauti. Niliipenda sana tremolo inayoelea vizuri. Mimi ni mtu wa mashine, kitu kilichotengenezwa kicheze nataka kicheze.

Sasa nifike kwa Chilewa, maana najua ndiye mnayemngoja.

Chilewa aliuza uwele na mtama hapo sokoni Majengo, na alikuwa mpiga solo wa kwaya moja ya Area D tangu hajaoa. Alinijia Jumatatu moja na gitaa ndani ya gunia safi la mtama. Alilitoa akalilaza mezani kwangu kwa mikono miwili, kisha akabaki amesimama.

"Fundi, wananiondoa."

"Nani anakuondoa?"

"Mwalimu wetu mpya wa kwaya, Mwalimu Tumaini. Ametunga wimbo wa kurekodi. Mwisho wake sauti zote zinanyamaza, linabaki gitaa peke yake, noti moja tu, watu wanaisindikiza kwa masikio. Yangu inakatika hapohapo. Nikipiga, inasema 'ti' basi. Amesema kama ni hivyo ataishika mpiga kinanda."

"Si noti moja tu hiyo?"

"Fundi, kinanda kikishika mwisho, wiki inayofuata kitashika na mwanzo. Sina ubaya na yule bwana, ni mtumishi wa serikali, mstaarabu, kinanda chake kinapiga hata filimbi. Lakini mimi nitakwenda wapi? Sokoni naitwa 'wewe wa mtama'. Kwenye kwaya tu ndiko naitwa Chilewa."

Nikamuuliza kwa nini asinunue gitaa jingine. Akasema mkono wake umelizoea hili, na kwaya imempa hadi Jumapili. Nikachomoa waya, nikapiga uzi mnene, nikaanza kusalimia moyoni. Umeamkaje, nyumbani wameamkaje, watoto, na lilishakufa.

Nilifungua mgongo. Bloku ilikuwa ileile nyepesi niliyoitegemea, na pembeni yake, kati ya bloku na ukuta wa shimo, kulikuwa na kabari ya mti iliyokuwa nyeusi kwa uzee. Kabari za namna hiyo nilishaziona kwenye magitaa mengi ya kwaya. Zinaizuia tremolo isisogee kabisa. Siku zote nilizihesabu kuwa kazi ya fundi mvivu aliyeshindwa kusawazisha springi. Niliing'oa kwa bisibisi, na kwa kuwa jiko la mkaa lilikuwa karibu na birika lilikuwa linasitasita kuchemka, nikaitupa humo.

Kisha nikafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nasema bila haya. Nilikata bloku kutoka kwenye shafti ya mashine ya kusaga iliyokufa, chuma kizito kisicho na vitundu. Matundu sita nilitoboa taratibu, nikimwaga mafuta kila mara, ili keekee isitangetange. Vikalio vya zamani nilivitupa nikatengeneza vya chuma, kila kimoja na mfereji wake uliosuguliwa kwa msasa mpaka ukang'aa. Springi nikaweka tatu, nikazisawazisha, tremolo ikaelea sawasawa. Ilinichukua siku nne. Chilewa alipokuja nilimpa alipige mwenyewe. Nilisalimia watoto, wazee, mifugo, shamba, mvua, na sauti bado ilikuwepo. Chilewa alicheka, akapiga tena, akacheka tena. Nilijisikia mkubwa.

Jumapili nilikwenda kusikiliza, nikakaa benchi la nyuma. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri sana hata mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka kumtafuta mpigaji. Ubeti wa pili uzi wa tatu ukakatika. Uzi kukatika ni jambo la kawaida, tena kwa mtu anayeshika nafaka na chumvi ya jasho siku nzima. Lakini tremolo yangu ilikuwa inaelea. Ilipopoteza uzi mmoja, springi zikashinda nguvu, zikaivuta bloku, na nyuzi tano zilizobaki zikakazwa zote kwa mpigo. Gitaa zima likaenda kombo. Chilewa alipiga noti mbili za ovyo kabisa, akaondoa mkono. Kinanda kikaingia kwa adabu na kumaliza wimbo. Mwalimu Tumaini hakugeuka hata kumtazama.

Nje Chilewa aliniambia, "Ni uzi tu, fundi. Bahati mbaya." Angenitukana ningepata nafuu. Nilijua si bahati mbaya. Nilijua ni mimi, ingawa bado sikujua ningefanya nini tofauti. Nilimfuata mwalimu kabla hajaondoka.

"Mwalimu, kosa ni langu. Yeye kapiga sawasawa."

"Fundi, mimi sina ugomvi na kaka Chilewa," akasema. Alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, lakini haikutetereka. "Nina watu arobaini wanaimba. Gitaa likianguka, wanaanguka nalo."

"Mnarekodi lini?"

"Jumamosi saa nne asubuhi. Likiwa zima litakaa mbele. Lisipokuwa zima, yeye ataimba na sauti ya nne."

"Chilewa haimbi, mwalimu."

"Najua," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba halikumpendeza.

Jumatatu asubuhi nilibeba gitaa mpaka kwa Mzee Malogo. Nilimkuta sebuleni kwa binti yake anatazama mpira kwenye televisheni iliyozimwa sauti, akibishana na mwamuzi. Alikuwa hasikii tena kitu. Shikamoo yangu aliisoma midomoni, akaitikia, akaninyang'anya gitaa kabla sijakaa. Alifungua mgongo, akaitazama bloku, akapitisha ukucha kwenye matundu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaingiza kidole pembeni ya bloku, na uso ukabadilika.

"Kabari iko wapi?"

Nilichukua kalamu na kuandika nyuma ya kalenda ya zamani: Nimeichoma.

Akasoma. Akasoma tena. "Umeichoma kwa sababu gani?"

Nikaandika: Nilikuwa nachemsha chai.

"Chai ilikuwa nzuri?" akauliza.

Akaliweka gitaa mapajani, akainyooshea kidole ile sehemu ambayo mkono wa tremolo hufungwa. Palikuwa na tundu tupu. Nilishaliona tundu lile siku ya kwanza na sikulitilia maanani.

"Mkono wake uko wapi?"

Nilimpigia simu Chilewa papo hapo. Akasema, "Ule mkono? Mke wangu anafungia banda la kuku. Tangu zamani hizo. Kwani unahitajika?"

Nikaandika kwenye kalenda: Banda la kuku. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakasirika kwelikweli.

"Ile kabari niliiweka mimi, wewe hujafika Majengo. Unadhani nilishindwa springi? Huyu mtu anayumbisha sauti kwa kidole. Hajawahi kugusa mkono wa tremolo, wala hatagusa. Mtu wa bendi uzi ukikatika anasimama, anatania watu, anabadilisha. Kanisani nani atamsimamishia ibada? Kabari inashika bloku, uzi mmoja ukienda, watano wanabaki kazini. Na kabari iliyokaa sawa inapeleka mtetemo wa chuma moja kwa moja kwenye mti. Ile ilishasinyaa, ilikuwa inagusa kona moja tu. Ungechonga mpya. Umepima gitaa lote, Debora. Mpigaji hukumpima."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu hayakuwa na hata moja la kubishia. Nilikuwa nimekaa mezani na gitaa lile siku nne, na sikumuuliza mwenyewe swali moja kuhusu mkono wake. Nilibeba kalenda ile, ninayo mpaka leo, nikarudi Majengo nikiwa nimeamua kwamba Chilewa hataimba sauti ya nne.

Nilichonga kabari ya kwanza kwa mninga. Gitaa likarudi nyuma, likafia kwenye mifugo. Hamisi akashauri niache tu tremolo ielee na nimpe Chilewa nyuzi mpya kila Jumapili. Nikamwambia ashike yake. Nilijua kasoro haiko kwenye wazo, iko kwenye uso wa kabari: macho yangu yalisema imekaa, na macho ni mashahidi wabovu kuliko masikio. Nikafanya tulivyokuwa tukifanya kwenye bushi za mashine za kusaga. Nilikwangua masizi kwenye tako la sufuria, nikayachanganya na tone la mafuta, nikapaka bloku. Nikaingiza kabari, nikaitoa. Mahali palipogusa palikuwa peusi, pasipogusa peupe. Peusi palikuwa padogo kama kucha ya kidole cha mwisho.

Nikasugua pale peusi, nikapaka, nikaingiza, nikatoa. Nikasugua tena. Mninga nikauacha nikatafuta mpingo, kipande cha mguu wa kiti kilichovunjika, kwa sababu ni mgumu na hausinyai upesi. Mpingo unagoma, msasa unateleza juu yake, vidole vikanivimba. Kabari ya nne niliipunguza kupita kiasi, ikawa inapwaya. Ya tano ikapasuka. Ya sita ilikuwa nzuri upande mmoja tu. Ya saba, Alhamisi mchana, ilitoka nyeusi uso mzima, pande zote mbili, pasipo hata doa jeupe. Nilimwita Hamisi aione. Aliishika kwenye mwanga akasema sasa nimekuwa mwendawazimu kamili, na mimi nikaichukua hiyo kama sifa.

Ijumaa nilimleta Chilewa kwa Mzee Malogo. Mzee aliweka kitambaa chake, akauma pembe, akapiga uzi. Kidole chake kikaanza kugonga goti. Kilipofika kwenye wazee kikasimama, sauti ikiwa bado inakwenda, akaliachia gitaa.

"Kuna kinachocheza."

Nilifungua kila kitu palepale sakafuni kwa binti yake. Bloku na bamba vilikuwa safi, kabari ilikuwa imara. Nikapitisha kidole kwenye tundu la skrubu ya katikati inayoshika bamba na bloku pamoja. Ukingoni mwake palikuwa na kinundu cha keekee, kidogo kuliko punje ya chumvi, kikivizuia visikutane. Nilikiacha mimi, kwenye ile kazi nzuri kuliko zote. Nikakiondoa kwa tupa ndogo ya duara, nikafunga tena, nikampa.

Safari hii alifumba macho. Kidole kiligonga watoto, wazee, mifugo, shamba, mvua. Kikatulia kidogo, kisha kikaanza kugonga upya kuanzia mwanzo, na kilifika tena kwa watoto kabla hajafungua mdomo.

"Peleka," akasema.

Bado sikupeleka. Nilichukua koleo, na Chilewa akiwa amelishika gitaa mwenyewe, nikakata uzi wa tatu. Aliruka kana kwamba nimemkata yeye. "Fundi, vipi tena!"

"Piga zilizobaki."

Akapiga, moja baada ya nyingine. Zote tano zilikuwa pale nilipoziacha. Alizipiga tena zote, kuanzia ya mwanzo. Nilimwekea uzi mpya, nikamwambia aende akalale mapema.

Jumamosi walirekodia kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Fundi mitambo alinipa kiti karibu na mlango kwa sharti kwamba nisikohoe. Mwalimu Tumaini aliwakumbusha watu wake kanuni yake: wimbo unaisha mkono wake unaposhuka, si kabla na si baada. Chilewa alikuwa mbele, amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

Waliimba. Nilichosikia kwenye beti siwezi kuwaambia, kwa kuwa nilikuwa nautazama uzi wa tatu. Ukafika mwisho. Sauti arobaini zikanyamaza kwa pamoja, kinanda kikaachiwa, na Chilewa akapiga ile noti yake moja na kuiyumbisha kwa kidole, polepole.

Mwalimu alikuwa na mkono juu. Wiki zote za mazoezi, nilikuja kuambiwa, alizoea kuushusha haraka ili kuificha noti isionekane inakufa. Niliuona ukianza kushuka kwa mazoea hayo, kisha ukasimama. Akamtazama Chilewa. Noti ilikuwa bado inakwenda, imara, imejaa ukumbi. Mkono ukarudi juu, ukabaki pale. Watu arobaini hawakupumua. Bwana wa kinanda aliikunja mikono yake mapajani. Mwalimu alisimama hivyo hadi noti ilipopungua yenyewe, ikawa nyembamba, ikaisha, na hapo ndipo alipoushusha mkono.

Nilitoka nje kabla ya watu kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kuvunja lile sharti la kutokohoa. Chilewa alinikuta ukutani, gitaa bado liko shingoni, jasho linamtiririka kidevuni. Alitaka kunishukuru, nikamzuia kwa mkono. Akasimama tu akiangalia mlango wa ukumbi.

"Dada Debora," akasema, "miaka yote mimi ndiye nimekuwa nikimsubiri mwalimu. Leo mwalimu kanisubiri mimi."